Siku Merveille alipokata kwanga mbele ya juri

Kisangani, Ijumaa, jua halijazama bado.

Asubuhi mvua ilinyesha kama imetumwa na mtu mwenye hasira. Mchana jua likatoka, barabara za mtaa wetu wa Tshopo zikaanza kutoa mvuke, na mimi tangu wakati huo natabasamu peke yangu kama mtu aliyepungukiwa na akili. Mteja amekuja kuchukua blauzi yake, nikamkabidhi ya mtu mwingine. Ameijaribu, vifungo vikakataa kufungwa, tukacheka sote wawili.

Shajara yangu, leo nina furaha mpaka sindano inanikwepa.

Binti yangu amefaulu.

Nitaeleza polepole, maana nikiharakisha nitaruka mambo. Hapa naandika Kiswahili cha kitabu, kile tulichofundishwa, lakini watu wa nyumbani kwangu nitawaacha waseme chetu jinsi kilivyo.

Merveille ni mtoto wangu wa kwanza. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, sehemu ya ualimu. Tangu akiwa mdogo alikuwa anapanga vifuniko vya chupa uani na kuvifundisha kusoma. Vifuniko havikuwahi kumtisha. Watoto wenye macho ndio waliomshinda.

Ukiwa naye jikoni anaongea vizuri, tena maneno tele. Mweke mbele ya watu, sauti inashuka, maneno yanakanyagana, kisha kimya. Nilidhani ni haya za usichana, zitapita. Hazikupita. Kwenye karatasi alikuwa anapata alama nzuri, na kila mwalimu aliandika maneno yaleyale: aongee zaidi. Kana kwamba kuongea ni chumvi, mtu anaongeza tu.

Sasa, katika sehemu ya ualimu karatasi haitoshi. Lazima uende shule ya msingi, usimame mbele ya wanafunzi wa kweli, ufundishe somo zima huku juri, jopo la walimu wanaotoa alama, imekaa nyuma inakutazama. Ukianguka hapo, mwaka wote umeanguka nawe.

Mwanzoni mwa mwaka walifanya somo la majaribio. Merveille aliingia darasani, akawaangalia watoto, akageukia ubao, akaanza kuandika. Aliandika mpaka kengele ikalia. Hakutoa neno. Watoto wa nyuma walikuwa wameshaanza kurushiana ndala.

Mwalimu Faustin, anayewasimamia kwenye masomo hayo ya majaribio, aliniita shuleni. Ni mtu mpole, hapendi kumwambia mzazi jambo baya. Alinipa kiti, akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi, ndipo akasema:

"Mama Merveille, mutoto iko na akili sana. Leçon yake, ile somo, kwa karatasi iko muzuri kuliko ya wote. Mais hana sauti. Bado kuna wakati ya kumupeleka coupe-couture. Na we mwenyewe uko mushonaji, utamusaidia."

Niliondoka pale na mambo mawili moyoni.

La kwanza, niliudhika kidogo. Alitaja ushonaji kama chumba cha kutupia walioshindwa. Mashine yangu imevalisha maharusi na maaskofu, na nyumba hii imekula kwa mguu wangu unaokanyaga pedali.

La pili ni gumu zaidi kulisema. Nilitamani. Niliona mashine mbili zimepangwa dirishani, mimi kwenye moja, binti yangu kwenye nyingine, tunaimba huku tunashona. Njia nzima kutoka shuleni niliitamani picha ile, Merveille akitembea kando yangu.

Tulipokaribia nyumbani nikamuuliza Merveille, "We unataka nini?"

Alijibu bila kuinua kichwa, kwa sauti ndogo hata nikaomba arudie.

"Nataka kufundisha, mama."

Basi. Picha yangu nikaikunja.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, tulikaa wote kwenye chakula. Alikuwepo mume wangu, Papa Merveille, fundi wa injini za boti pale beach, bandari yetu ya mtoni. Alikuwepo mama yangu mzazi, Koko Alphonsine, ambaye alihamia kwetu kutoka Yanonge magoti yalipoanza kumsumbua. Koko ni nyanya, na siku hizi nyumba nzima tunamwita hivyo, hata mimi. Alikuwepo pia kaka yangu Lifoko, anayepandisha samaki mjini kwa mto. Kwa watoto wangu yeye ni Noko, mjomba, na kwetu mjomba ana neno kubwa katika mambo ya mtoto.

Merveille alikuwa anakata kwanga, ule mkate wetu wa muhogo unaopikwa ndani ya majani. Nyumbani kwetu kuna sheria ya zamani ya mezani: anayekata kwanga huchukua kipande cha mwisho. Koko alinilea kwayo, na mimi nimewalea wanangu kwayo. Ukikata vibaya, unakula ubaya wako mwenyewe. Ndiyo maana mkono wa Merveille ni sawasawa kama mizani.

Mume wangu alianza. "Mwalimu anajua kazi yake. Kama anasema mutoto hana sauti, basi hana. Tusimutese bure."

Koko alikuwa anatoa mwiba kwenye samaki. Hakuinua macho.

"Sauti iko. Kila asubuhi miye naisikia anagombeza Plamedi." Plamedi ni kitinda mimba wangu, na kweli, hugombezwa kila asubuhi. "Sauti iko, lakini haijue ni ya nani. Lifoko, huyu mutoto alipewa jina?"

Kaka yangu akashangaa. "Jina si anayo? Merveille."

"Ile ni ya batizo. Miye nauliza ya ngoma."

Ujue kwamba sisi watu wa mto, wa upande wa Yanonge na Isangi, zamani habari zetu zilisafiri kwa ngoma ya gogo. Ngoma ile ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Ikikuita kwa kifupi, watu wengi wataitika, kila mmoja akidhani ni yeye. Kwa hiyo inakuita kwa maneno marefu: wewe ni nani, baba yako ni nani, mama yako katoka kwa watu gani. Mimi ninalo langu. Wanangu walizaliwa mjini, wakati simu zimeshaingia kila mfuko, na hakuna aliyefikiria kuwapa.

Noko Lifoko aliweka sahani chini. Akamtazama Merveille muda mrefu, mpaka mtoto akaanza kujificha nyuma ya jagi la maji. Kisha akapiga meza kwa vidole, juu, chini, juu, akasema:

"Mvua ya kwanza yenye kuamusha mbegu. Binti ya mwenye kusemesha kilichonyamaza. Mama yake mutoto wa Yanonge, batu ya mayi mingi."

Mume wangu akafikiria injini zake, akatega sikio. "Kilichonyamaza ni nini? Ni moteur?"

"Ni moteur. Ulifikiri ni nini?"

Alifurahi yule baba! Wiki ile beach nzima walijua kwamba yeye ni mwenye kusemesha kilichonyamaza. Alisahau kabisa habari ya coupe-couture.

Koko akatunga sheria palepale. Kila Jumapili baada ya chakula, kila mtu wa nyumba hii atasimama uani, atasema jina lake refu lote, halafu atatoa neno: hadithi, habari ya wiki, chochote. Na wanaosikiliza lazima wajibu. Kwetu msimulizi hasimulii peke yake. Anaita kwanza, "Mayi iko?" yaani maji yapo, na watu wanamjibu, "Iko na inatembea!" Bila jibu, hakuna hadithi. Msimulizi anangoja.

"Usiogope kimya," Koko alimwambia Merveille. "Kimya ni batu banatafuta jibu. We ngoja tu."

Jumapili ya kwanza Merveille alisimama karibu na kibaraza akasema jina lake kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Koko alikuwa kibarazani.

"Sisikie."

Akarudia.

"Sisikie."

Hakumkaripia. Hakumcheka. Wala hakutukubalia sisi tumsaidie. Tulikaa tukangoja mpaka neno likatoka, dogo, likafika kibarazani.

Jumapili iliyofuata Koko aliomba kiti chake kipelekwe katikati ya uwanja. Baadaye karibu na jiko la nje. Baadaye karibu na kamba ya nguo. Kadiri sauti ya mtoto ilivyokua, kiti kilirudi nyuma, hadi mwisho Koko akawa amekaa kwenye ua wa mianzi wa jirani, mgongo umegusa mianzi, mkono uko sikioni.

Sisi wengine nasi tulisimama kwa zamu. Mume wangu alisimulia injini iliyozimika katikati ya mto na abiria walioanza kutubu dhambi zao kwa sauti. Noko alisimulia samaki aliyemponyoka sokoni. Plamedi alisimulia hadithi moja kila wiki, ya sungura, na kila wiki sungura alikufa mahali tofauti. Mimi nilisimulia maharusi. Sijui wengine, lakini mimi nilianza kuingoja Jumapili kama mtoto.

Halafu kuna ile Jumapili. Merveille alisimama, akasema jina lake, akaita, "Mayi iko?" Tukajibu sisi, na nyuma ya mianzi ikajibu nyumba nzima ya jirani, baba, mama na watoto, "Iko na inatembea!" Kumbe walikuwa wanasikiliza wiki zote zile.

Merveille alicheka katikati ya hadithi yake. Alicheka, kisha akaendelea.

Siku ile nilimwangalia mume wangu, naye akaniangalia.

Nisiseme kwamba ni sisi tu. Mwalimu Faustin alimkalisha baada ya masomo mara nyingi, akamrekebishia matayarisho yake mstari kwa mstari, akamfundisha jinsi ya kugawa muda na jinsi ya kutumia ubao. Mtu yule hakumkatia tamaa hata baada ya maneno aliyoniambia. Nilipomweleza kwamba nyumbani tumeanza mambo ya Koko, alisema, "Muendelee. Na miye huku naendelea."

Sasa nifike leo.

Somo alilopangiwa lilikuwa hesabu, mwaka wa tatu wa msingi: nusu na robo. Mume wangu alimtengenezea katoni kubwa yenye mviringo mzuri, nusu nyekundu, robo ya buluu, robo ya njano. Alikaa juu ya kazi ile jioni kadhaa, ulimi nje, kama mwanafunzi. Mimi nilimshonea blauzi mpya, nyeupe, kola ndogo. Koko alimfungia chakula cha mchana: kwanga zima ndani ya majani yake, na samaki wa moshi.

Koko akatangaza kwamba naye anakuja.

"Mama, kuna mvua," nikasema.

"Hata kule Yanonge inanyesha."

Tukampandisha pikipiki, tukamfunika kwa plastiki kama mzigo wa sukari. Sisi wawili tulikwenda kwa miguu, mwavuli mmoja. Karibu na shule upepo ukageuka, ukaingia chini ya mwavuli, ukainyakua katoni. Ilitua katikati ya barabara. Pikipiki mbili zikapita juu yake kabla hatujafika. Tulipoiokota ilikuwa uji, imepasuka katikati, nyekundu upande huu, buluu na njano upande ule.

Merveille alivishika vipande vyake viwili. Mimi nikamvuta chini ya mwavuli.

Tukaingia shuleni. Mkurugenzi wa shule alituonea huruma mimi na Koko aliyetutangulia, akatuacha tujikinge mvua barazani, nje ya darasa lenyewe. Madirisha ya pale hayana vioo. Tuliona yote.

Watoto walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, sare zao zimelowa. Nyuma ilikaa juri: Mwalimu Faustin, mwalimu wa darasa lile, na mama mmoja mkaguzi mwenye miwani inayoning'inia kwenye mnyororo. Mama yule hakuwa mbaya, lakini uso wake haukuwa umefunguliwa.

Merveille akasimama mbele. Watoto wakasimama, wakasalimu, wakakaa.

Kimya.

Nilishika mkono wa Koko, au yeye alishika wangu. Nikasema moyoni, asigeukie ubao, Bwana, asigeukie ubao.

Hakugeuka. Aliwatazama. Kimya kikakaa, kikajipanua, mkaguzi akainua kalamu yake. Mtoto mmoja akakohoa. Na Merveille akangoja, mikono imetulia, mpaka macho yote yakawa kwake. Ndipo akasema, kwa sauti iliyofika barazani bila kubebwa:

"Miye ni Mvua ya kwanza yenye kuamusha mbegu. Binti ya mwenye kusemesha kilichonyamaza. Mama yangu mutoto wa Yanonge, batu ya mayi mingi."

Midomo ya watoto ikabaki wazi. Msichana wa mbele akanyoosha kidole.

"Mwalimu, jina yako yote ni ile?"

"Yote ni ile."

"Sasa tutakuita namna gani?"

"Muniite Mwalimu Mvua."

Na nje mvua ilikuwa inapiga bati! Watoto wakageuka kuangalia dirishani, kisha wakamwangalia yeye, kana kwamba ndiye aliyeileta. Darasa likacheka. Akawaacha wacheke, halafu akaita:

"Mayi iko?"

Sasa wale watoto wangejua wapi? Wakatazamana. Na hapo, shajara, kabla sijamziba mdomo, Koko wangu akanguruma kwa sauti yake yote:

"IKO NA INATEMBEA!"

Kila kichwa kikageukia dirisha. Mkaguzi akavaa miwani. Nilitaka ardhi inimeze pale pale barazani. Koko mwenyewe alijishika mdomo kwa mikono miwili.

Merveille hakupotea hata kidogo.

"Munasikia? Koko wa dirisha anajua jibu. Ninyi je? Mayi iko?"

Wakajibu watoto wote, mpaka darasa la jirani likaanza kuchungulia.

Kisha akaonyesha vipande vya katoni. Hakuvificha. "Papa alinichorea somo yenu muzuri sana. Mvua imeikula. Iko sawa. Tuko na kitu ingine." Akafungua mkoba wake, akatoa kwanga, akalivua majani taratibu. Harufu ikaenea. Benchi la mbele lote likasogea.

Akageuka, akaja dirishani kwangu kama vile tuko nyumbani.

"Mama, uko na uzi?"

Uliza mshonaji kama ana uzi! Nilikuwa nao kolani, umezungushwa kwenye sindano. Nikaukata kwa meno, nikampitishia.

Aliita watoto wawili mbele, mvulana na msichana. Akasema sheria ya meza yetu: anayekata anachukua cha mwisho. Mvulana akazungusha uzi kwenye kwanga, akavuta haraka, upande mmoja ukatoka kama goti na mwingine kama kisigino. Msichana hakufikiri mara mbili, alichukua goti. Darasa likapiga kelele. Mvulana akabaki na kisigino chake, uso umekunjamana.

"Ile ni nusu?" Merveille akauliza.

"Hapana!"

"Sababu gani?"

"Haiko sawa!"

Akavirudisha vipande, akavibana pamoja kwa viganja, akampa mvulana uzi tena. Ungemwona! Alipima kwa jicho, akapima kwa kidole, akatoa ulimi kama mume wangu na katoni yake. Akavuta. Sawa. Nusu mbili, na hakuna aliyegombana.

Wakaendelea, kwa Kifaransa pale panapotaka Kifaransa, kwa Kiswahili pale wanapokwama. Nusu ikakatwa tena, ikawa robo. Aliandika ubaoni, lakini kila alipoandika aligeuka kuwaangalia.

Akauliza, "Nini kubwa, nusu ao robo?"

Yule msichana wa goti akasimama kwa kujiamini. "Robo! Sababu ine inapita mbili."

Mwalimu wa darasa akatabasamu nyuma. Nadhani ni kosa analolijua, la kudhani kwamba kwa kuwa nne inapita mbili, robo inapita nusu. Merveille hakusema ni kosa. Alishika nusu mkono huu, robo mkono ule, akamnyooshea.

"Chagua unayotaka kula."

Mtoto akachukua robo, kwa heshima ya jibu lake. Akarudi kwenye benchi. Rafiki yake akapewa nusu. Msichana akaangalia mkono wake, akaangalia mkono wa rafiki, akaangalia tena wake.

"Mwalimu," akapaza sauti, "nimejidanganya!"

Mkaguzi alicheka. Alicheka wazi, miwani ikaruka kwenye mnyororo wake, akaandika kitu huku bado anacheka.

Baada ya mazoezi ya kuandika, watoto walikula kwanga lote mpaka makombo. Juri ilibaki ndani na Merveille, ikamuuliza maswali. Nilisikia mkaguzi akisema:

"Namna ile ya kuita na kungoja jibu, nani alikufundisha?"

"Nyumbani, mama. Koko wangu."

"Koko wa dirisha?"

"Ndiyo, mama."

"Na matayarisho yako? Iko safi sana."

"Ni Mwalimu Faustin."

"Basi wamekugawa nusu kwa nusu," akasema mama yule, "na hakuna aliyekata vibaya."

Walitupeleka pembeni ili wajadiliane. Mvua ikapungua, ikaisha. Mwalimu Faustin akatoka, mikono yote miwili juu, kama mtu aliyefunga goli.

"Amepita! Mama Merveille, amepita, tena amepita muzuri!"

Koko, ambaye magoti yake hayataki hata ngazi moja, alicheza. Alicheza barazani pale na plastiki bado mabegani. Watoto wa shule wakamzunguka wakipiga makofi. Merveille alinikumbatia, na kola niliyoishona kwa uangalifu ikalowa machozi, sijui yake au yangu. Mkaguzi alipopita akampa Koko mkono na kuuliza kama hakuna hata robo iliyobaki, maana harufu ilimtesa somo zima. Mwalimu Faustin akamjibu kwamba wanafunzi wameila leçon yote.

Tulimpigia simu Papa Merveille. Nyuma yake injini ilikuwa inanguruma. Nilipomwambia, akaizima, nikamsikia akiwatangazia watu wa beach, na beach ikaitika. Kisha akauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini:

"Na katoni yangu? Bamependa?"

Nilimwangalia Merveille. Merveille akachukua simu.

"Papa, barabara yote imeiona."

Ameridhika kabisa. Akirudi jioni tutamweleza vizuri, tukiwa tumeshampa chakula.

Nimekaa sasa kwenye mashine na sishoni. Nafikiria. Shule ilimfundisha mwanangu kitu cha kusema, ikamfundisha vizuri, nami naishukuru. Lakini kulikuwa na mlango ambao shule haikuwa na ufunguo wake, na ufunguo ulikuwa kwetu, mezani, kwenye mambo tuliyoyazoea hata hatukuyahesabu kuwa elimu. Ni vingapi vingine tunavyo, tumeviacha tu vimekaa kwa sababu havina cheti?

Na ndiyo, mashine ya pili dirishani haitakuja. Nimeihuzunikia kidogo leo, katikati ya furaha, kama mtu anavyohuzunikia mvua iliyokatika. Imepita haraka.

Ningependa kuandika zaidi, lakini kuna kelele uani. Plamedi amechukua benchi langu la wateja, amewapanga watoto wa jirani juu yake kwa urefu, na ameshika mwiko. Amevaa kanga ya Koko iliyomfunika mpaka miguu. Anawauliza majina yao, na asiyesema kwa nguvu anaambiwa arudie. Mmoja ameshaanza kulia, mwingine anajibu maswali ya wote. Nafasi moja imebaki wazi mwisho wa benchi.

Ameniona namtazama. Amenyoosha mwiko.

"Mama! Kengele imelia, na we uko inje bado?"

Kesho kuna gauni la harusi linalonisubiri, na mwenye harusi hana subira. Leo lakini nimechelewa darasani. Naenda kukaa.